Macho ya Zebedayo Hayashuki

Zebedayo alikuwa mnyapara wa wakata mkonge kwenye shamba moja nje ya mji wa Tanga, na pombe haikupata kugusa midomo yake. Watu walimsifu kwa hilo miaka ishirini. Mwaka 1956 watu haohao wakasema analewa, na hawakuona haya.

Kweli alikuwa akianguka. Alianguka njiani, akaanguka kanisani, kila mara chali. Ulimi nao ulikuwa mzito. Daktari wa mjini aliitazama mikono yake, akaona haitetemeki, akasema basi si ule ugonjwa wa kutetemeka wa wazee. Akampa vidonge vya nguvu. Mkewe, Dorkasi, akabaki na vidonge na hofu yake.

Kilichoharibu mambo kabisa ni ugeni wa Yudith, mama yake Dorkasi, aliyeshuka kutoka Usambara kuwasalimu. Kwao mkwe hakaziwi macho. Mwanamume humwamkia akitazama chini. Zebedayo alimtazama usoni, macho makavu, bila kupepesa, tangu mlangoni hadi alipoketi. Yudith hakuonja hata chai.

"Mtu mwenye akili zake hanifanyii hivi," alimwambia binti yake akifunga mzigo. "Mumeo anakunywa."

Maneno yakamfikia Fanueli, mzee wa kanisa, mwenye pua ya kunusa dengelua, pombe ya miwa, hata kwenye kikombe cha maji. Zebedayo akaitwa mbele ya wazee, Jumapili baada ya ibada. Akionekana mlevi atatengwa: Meza ya Bwana hataigusa, na akifa hatazikwa na mchungaji.

Wiki ile Dorkasi alikaa akimwangalia mumewe akila. Mkono ulipapasa mkekani ukiitafuta sahani, mchuzi ukamwagika, macho yakiwa ukutani. Dorkasi akainua sahani hadi usawa wa kidevu cha mumewe. Zebedayo akala vizuri. Dorkasi akaishusha tena, na mkono ukaanza kupapasa upya.

Jumapili wazee walikaa kwenye benchi la mbele.

"Umekunywa, Zebedayo?" Fanueli aliuliza. "Mbona hata sasa unanitolea macho?"

Zebedayo alijaribu kujibu, maneno yakakokotana. Minong'ono ikaanza. Dorkasi akasimama, ingawa mwanamke hakuwa na kauli pale.

"Mzee Fanueli, nisamehe. Chukua kitabu cha nyimbo, ukishike hapa kiunoni pake, asome."

Fanueli alikifungua, akakishika chini. Wote walimwona Zebedayo akijitahidi: paji la uso likakunjamana, jasho likamtoka, shingo imekakamaa. Macho hayakushuka. Fanueli akakipandisha kitabu taratibu, kifuani, kidevuni, hadi mbele ya uso. Hapo Zebedayo akasoma, kwa shida, ila hakuruka hata neno moja.

Fanueli alikifunga kitabu. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hajanywa huyu. Tumemkosea. Hatengwi."

Watu wakashusha pumzi. Dorkasi alikuwa ameshinda, na alikwenda haraka kumshika mumewe mgongoni asianguke.

"Sasa, Mama Asheri," Fanueli alimuuliza Dorkasi kwa upole, "huu ni ugonjwa gani?"

"Sijui. Hata daktari hajui." Machozi yalimtoka mbele ya wote, na hakuyafuta. "Mlevi hulala akaamka mzima, mzee wangu. Laiti angekuwa amekunywa."