Mama Amepata Shoki

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kiingereza kwenye ofisi ya walimu, Mlandizi, simu ikaita. Alikuwa jirani wa mama yangu, kule Masaki ya Kisarawe, ambako ili upate mtandao inabidi upande juu ya kichuguu.

"Mwalimu, mama amepata shoki," alisema. "Mwambie kaka yako aje leo leo."

Nikauliza shoki gani, lakini simu ilikuwa imeshakatika, na kila nikimpigia naambiwa hapatikani.

Mama yangu ni mjane wa miaka sitini na mbili. Anaishi peke yake na anaendesha mwenyewe pikipiki aliyoiacha baba. Siku za kazi huipakia mihogo, Jumapili huenda nayo kanisani, kitenge amekifunga juu ya suruali ya marehemu. Mwezi uliotangulia alikuwa amevutiwa umeme, kwa hiyo mimi niliwaza shoti: mama amegusa waya. Nikampigia kaka, mwenye gereji ya pikipiki Soga. Yeye hakutaka habari za umeme. Alisema mama ana presha, bila shaka ameanguka, na sisi tunafichwa. Mke wake, ambaye ni muuguzi, akadakia kwamba kitaalamu shoki ni damu kushindwa kuzunguka mwilini, na hiyo haisubiri. Tukawa na magonjwa matatu na mgonjwa mmoja.

Tulikodi taksi. Kaka alibeba blanketi na glukosi, wifi akabeba kipimo cha presha, mimi nikajifunga khanga mbili. Njiani kaka alifuta macho mara mbili, akasema ni vumbi, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa.

Tulimkuta mama uani anamenya mihogo. Alipotuona tunashuka, watu wazima watatu na blanketi, siku ya kazi, kisu kikamtoka mkononi. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Hatukumjibu upesi, maana tulikuwa bado tunamkagua yeye. Ukimya ule ndio uliommaliza. Alikaa chini kwenye maganda, jasho linamtoka, na wifi akawahi na kipimo. Presha ilikuwa imepanda kweli. Tukamlaza kwenye mkeka, tukamfunika blanketi jua la saa saba likiwaka.

Jirani alikuja mbio, akatueleza. Mama alikuwa ametafuta shoki za nyuma za pikipiki, zile springi za kupunguza mtikiso, kwa wiki nyingi, kwa sababu za zamani zilikuwa zimekufa na kila shimo lilikuwa linamuumiza kiuno. Asubuhi hiyo alizipata Kisarawe mjini. Zilikuwa pale kibarazani, bado ziko kwenye nailoni. Alitaka kaka aje azifunge, basi.

Mama alimgeukia kaka. "Wewe ni fundi wa pikipiki. Ukisikia shoki unawaza jeneza?"

Mbaya zaidi, kaka hakuja hata na spana moja. Aliazima za baiskeli kwa jirani, akahangaika nazo mpaka alasiri, mama akimwelekeza kutoka mkekani. Presha iliposhuka, wifi alimwambia mama apumzike siku mbili, naye akakubali kwa upole uliopaswa kututia wasiwasi. Tulikuwa ndani tunakunywa chai tuliposikia pikipiki inawaka. Tulipofika mlangoni alikuwa ameshaipita mikorosho, anayafuata mashimo kwa makusudi.