Meza Isiyolala

Tangu lini chumba kikamshinda Bi Pasi? Mpiga pasi huyu aliishi na mdogo wake, msusi wa saluni, pamoja na wifi yake, mke wa kaka yao dereva wa lori, katika chumba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa ukuta huku na huku. Kitanda kilikuwa cha futi nne. Walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, na hakuna aliyeruhusiwa kugeuka peke yake. Aliyechoka ubavu alisema, "Jamani, tugeuke," wote watatu wakageuka kwa pamoja na usingizi ukaendelea. Kaka akirudi safari, dada zake walihamia kwa jirani bila kuambiwa.

Watu husema wifi na wifi ni paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete. Kwa hiyo wifi alipojifungua mtoto wa kike salama, Bi Pasi aliingia wodini akitabasamu mpaka jino la mwisho. Tabasamu lilikatika upesi.

"Wifi, nikitoka hapa naenda kwa mama," mzazi alisema. "Mkunga kaniambia mtoto asibanwe katikati ya watu wazima. Sisi tunabanana hata bila mtoto."

"Kwa mama yako ni mbali. Lori la kaka halipiti huko. Mtoto atamjua baba yake kwa picha?"

"Bora amjue kwa picha kuliko tumlalie."

Bi Pasi akakaza kanga kiunoni.

"Nipe mpaka kesho," akasema. "Chumba nitakipanga mimi."

Akarudi nyumbani akavua viatu, akaanza vita. Masanduku akayapandisha juu ya kabati. Ndoo akazipachika moja ndani ya nyingine. Kitanda akakisukuma kushoto, akakirudisha kulia, akakiinua upande mmoja kana kwamba kingepungua kwa kutishwa. Akatangaza kwamba yeye atalala ameketi. Mdogo wake aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Dada, umetupanga sote kama suruali. Na hiyo meza je? Nayo inalala?"

Nyani haoni kundule. Meza ya kupigia pasi, pana, nzito, ilikuwa imemeza ukuta mzima wa dirishani, na katika kuhesabu kwake kote Bi Pasi hakuwa ameihesabu. Ilikuwa kazi, na kazi kwake haikuwa na ukubwa. Wateja walimfuata kwa sababu alipigia pasi ndani. Alijisifu mbele ya kila mtu kwamba nguo zake hazijui vumbi. Akiitoa nje, ataitoa na sifa hiyo pia.

Akaugusa ubao wake. Roho ilimuuma, tusidanganyane.

"Shika huko," akamwambia mdogo wake.

Wakaibeba mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu, mtaa wa pili, ambaye alikubali kusogeza vikorokoro vyake baada ya Bi Pasi kumwambia atakubali tu, basi aokoe muda. Huko hakukuwa na umeme. Akaichukua pasi ya zamani ya mkaa, akaipuliza majivu, akaanza upya. Mteja wa kwanza alilalamika kuhusu vumbi. "Nitalikung'uta," Bi Pasi akajibu, na akalikung'uta kweli.

Kesho yake wifi alifika na mtoto kifuani, begi likiwa bado limefungwa. Alikuwa amekuja kuaga. Akasimama kizingitini. Pale dirishani palitandikwa godoro, na kando yake kapu kubwa la nguo za wateja, limeoshwa, limetandikwa mashuka yaliyonyooka bila kunyanzi hata moja.

"Meza iko wapi?"

"Imehama."

"Wifi, si ndiyo riziki yako?"

"Riziki ina miguu minne, itatembea. Huyu bado hajui hata kutambaa."

Wifi akamlaza mtoto kapuni taratibu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akaangalia kitanda, godoro na begi lake.

"Haya, mimi nilale upande gani?"

"Kule ndani, karibu na kapu. Godoro litatutosha sote wawili," Bi Pasi akasema, akilichukua begi mkononi mwake. "Upande wa mlangoni nalala mimi. Anayetaka kuondoka sharti anivuke."