Kapteni Asiyejua Kutunga

Kapteni Lyuben Pehlivanov alirusha ndege zaidi ya nusu ya maisha yake, na jengo letu zima hapa Sofia lilimjivunia, utadhani sote tulimsaidia kushika usukani. Kilichotukosesha raha ni kalamu yake. Kila Jumamosi gazeti lilitoa kisa chake kimoja, na kila Jumamosi mtu wa jengo letu alijikuta ndani.

Mimi alinitia mara tatu, bila haya. Siku moja nilimvaa nikiwa nachoma pilipili hoho kwenye roshani, moshi umenijaa machoni.

"Lyuben, yule mwanamke mnene anayegombana na redio ni nani?"

"Mhusika tu, jirani."

"Mhusika gani anakaa ghorofa ya pili, ana redio ya kijani, na mumewe anakoroma?"

"Basi nitamwambia mumeo apunguze." Akachukua pilipili moja bila kukaribishwa, akaenda zake.

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Tulimpenda. Alianza kuandika kwenye hoteli za ugenini, ambako rubani hulala mchana, mapazia yamefungwa, na hana wa kuongea naye. Alitukumbuka, ndiyo maana akatuandika.

Vuli moja kikatoka kisa cha kapteni mzee ambaye, akishuka kutua mji wa pwani wa Varna, macho yake yanamwonyesha njia mbili za ndege chini badala ya moja. Hamwambii rubani msaidizi wake. Anachagua ya kulia kwa kubahatisha, na ndege inatua salama. Jengo zima lilishangilia: hatimaye katuacha! Mume wangu akamtolea rakia, pombe yetu kali ya matunda, pale pale ngazini, akamsifu kwa ufundi wa kubuni. Lyuben alikunywa, akarudisha glasi, akapanda kwake.

Mkewe, Snezhana, hakumpongeza. Kesho yake asubuhi Lyuben alitoka amevaa sare, na begi lake mkononi, ana safari. Mama yake, Bibi Gina, alisimama mlangoni na ndoo kama siku zote, maana kwetu anayesafiri humwagiwa maji mbele ya miguu ili mambo yake yatiririke. Snezhana akaishika ile ndoo.

"Mama, leo usimwage."

"We mwanamke una wazimu? Mwanangu aondoke pakavu?"

"Haondoki." Akamgeukia mumewe. "Lyuben, miaka yote umeandika, hata paka hujawahi kumtunga. Paka wako wote ni wa majirani. Huyu kapteni ni nani?"

Mimi nilikuwa nashuka na mfuko wa taka. Nikaganda.

"Mhusika tu," akasema Lyuben.

"Niangalie usoni, halafu useme tena."

Lyuben akaweka begi chini. "Imetokea mara mbili. Nikimwambia daktari, wananishusha, Snezhana. Nikishuka, mimi ni nani?"

"Na wale unaowabeba nyuma yako ni nani? Wahusika?"

Bibi Gina hakuelewa habari za njia mbili, lakini sauti ya mwanawe aliielewa. Akaibeba ndoo yake, ikiwa imejaa vile vile, akarudi nayo jikoni. Lyuben alikaa ngazini, akavua kofia, akapiga simu kazini kwamba haendi. Kisha akampigia daktari. Nilimwonea huruma mpaka mfuko ukaniponyoka.

Daktari hakumrudisha tena angani. Baridi ile yote hakuandika hata mstari mmoja, na mimi nilikuwa tayari anitie gazetini mara kumi, na unene wangu na redio yangu, mradi aandike.

Baridi ilipokwisha, Snezhana alikata tiketi mbili za ndege waende Varna kwa dada yake. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe. Lyuben alikaa dirishani, mikono magotini, akiufuatilia kila mlio wa injini. Ndege iligusa ardhi kwa kishindo kidogo na abiria, kama tulivyozoea kwetu, wakampigia rubani makofi. Yeye hakupiga. Alikodolea macho mlango wa chumba cha marubani. Makofi yakaanza kupungua. Snezhana akauchukua mkono wake mmoja, akaupiga kwenye wa kwake, akaupiga tena na tena, mpaka ule mkono wa pili ukainuka wenyewe. Watu walikuwa wameshasimama wanashusha mabegi, na wao wawili bado wanapiga makofi.