Mtaa Uliofichwa Ndani ya Kitabu cha Nyuki

Asubuhi, kabla wasomaji hawajaanza kuingia, mwanamke mmoja amesimama mbele ya kitabu kilichofungwa, anakisubiri. Hakigusi. Kimetoka sasa hivi kwenye kabati la baridi, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe, naye amekunja mikono kama anayengoja mgeni aamke.

"Karatasi kuukuu haikurupushwi," anasema kwa sauti ya chini. "Ukiifungua na baridi yake, inakatika. Iache ipate joto la chumba, yenyewe itakukaribisha."

Wenzake wanamwita Mama Brashi, maana brashi yake ya manyoya laini haimtoki mkononi hata akienda kunywa chai. Ni fundi katika chumba cha vitabu adimu, ghorofa ya juu ya maktaba, ambako mapazia hayafunguliwi na saa ya ukutani ilisimama zamani bila mtu kuiulizia. Humo unasahau kama nje kuna jua au mvua. Mwandishi wa makala haya alisahau hata maswali yake.

Kazi yake ni kufuta vumbi, kushona kurasa zilizolegea na kuvika majalada mapya. Ndivyo alivyoikuta historia ya mji, sehemu ya kwanza, imesukumwa nyuma ya kabati, imelala na buibui. Akiipiga brashi, akaona majina ya mitaa ambayo mingi haipo tena.

"Nilishtuka! Mama yangu alizaliwa mtaa wa mafundi taa, ukabomolewa yeye akiwa msichana. Akiutaja, wajukuu wanamcheka, 'Bibi, huo mtaa umeuota.' Nikasema, leo nimepata shahidi."

Lakini kitabu kiliishia pale kinapoahidi kuingia mitaa ya mafundi katika sehemu ya pili. Sehemu ya pili ilikuwapo kwenye rafu ya kabati la baridi, jina linasomeka vizuri mgongoni. Akaishusha, akaisubiri ipate joto, akaifungua. Nyuki! Kurasa zote ni mizinga na nta.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia kidogo."

Kosa hilo, anasema, ni la mafundi tu. Vitabu viwili vya kimo kimoja vinavuliwa majalada siku moja, kisha fundi aliyechoka anavivika nguo kinyume. Basi kama nyuki walikuwa wamevaa koti la historia, historia nayo ilikuwa imevaa koti la nyuki.

Na kile chenye koti la nyuki kilikuwa kimeshaondolewa rafuni. Vilikuwa vimeletwa vipya vya nyuki, cha zamani kikawekwa kwenye maboksi yanayosubiri lori la kiwanda cha karatasi.

"Nilishuka ngazi mbio, mimi na magoti yangu haya! Nakuta lori liko uani, linapakiwa. Nikamwambia dereva, 'Mwanangu, huondoki mpaka niingie humo.' Akanijibu, 'Ingia, mama, lakini ukipotelea humo mimi simo.'"

Alikipata kwenye boksi la chini kabisa, kina picha ya mzinga juu. Ndani yake, mtaa baada ya mtaa, mji wa zamani ulikuwa mzima.

Vitabu vya chumba kile havitoki, hata kwa fundi. Macho ya mama yake nayo yamezima. Kwa hiyo kila jioni Mama Brashi anaondoka na ukurasa mmoja kichwani, anatembea polepole usije ukamwagika, akifika anamsimulia mama kitandani. Mtaa wa mafundi taa bado uko mbele.

"Moyo wake umechoka, daktari ametuambia," anasema, macho yakiwa kwenye brashi. "Naogopa. Asije akaniacha kabla hatujafika kwao."

Mkuu wa maktaba ameshakubali ombi lake. Siku wakifikia mtaa huo, mama ataletwa kwa kiti cha magurudumu, atasubiri pamoja naye kitabu kipate joto, kisha atauwekea mkono ukurasa wake. Siku hiyo hiyo, mbele ya mama, historia itavuliwa koti la nyuki na kuvikwa la kwake.

Juzi fundi alitaka kuruka kurasa kadhaa ili wafike upesi. Mama yake alimshika mkono, akatabasamu.

"Tena nisimulie nusu tu, mwanangu. Tukifika nyumbani leo, kesho tutakwenda wapi?"