Harufu ya Samaki Sebuleni

Juzi pale mjini Silibwet nilimwona mwenye duka akifunga soketi iliyoungua kwa selotepu. Nilimfokea hadi akaniuliza amenikosea nini.

Nilikuwa mdogo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na sebuleni kwetu kulinuka samaki. Niliamini ni jirani yetu Mama Akinyi, mtu wa upande wa ziwa, anayekaanga, kwa hivyo nilienda kwake na sahani. Aliniambia hajapika. Akanifuata nyumbani, akanusa, akaweka kiganja ukutani karibu na swichi.

"Baba Chebet, huu ukuta ni moto. Zima stima, uite fundi."

"Fundi wa nini? Hii stima nimeitengeneza mwenyewe," baba alisema, bila kuinua macho.

Leo najua plastiki ya nyaya za stima ikiungua hunuka kama samaki, na kwamba ukuta ukipata moto, kazi hiyo ni ya fundi. Siku ile nilijua tu kwamba baba hakosei. Mama alipoenda kuwasha taa, swichi ililipuka mkononi mwake. Mama Akinyi ndiye aliyekimbia kuzima swichi kubwa.

Kesho yake fundi alikuja. Alichomoa waya mnene uliowekwa mahali pa fyuzi, ile inayokata stima nyaya zikizidiwa.

"Nani aliweka hii?"

Mama alikuwa ameketi hapo, mkono umefungwa bendeji.

"Nilipata hivyo nikinunua nyumba," baba akasema.

Nyumba ile aliijenga mwenyewe. Mama alijua, nami nilijua, na bado nina hasira kwamba tulinyamaza.