Mkanda wa Bunduki ya Akina Haugen

Mjini kwetu, huku mashariki mwa Montana, watu wanasema Orrin Haugen kanuna tangu kuzaliwa. Uvivu wa kufikiri tu. Mimi Verna ni jirani yake ukuta kwa ukuta, nakwambia mtu yule hajanuna, ni mpweke, na upweke wa mwanamume ukikaa sana hufanana na hasira.

Kazi yake anaifanyia gerejini, hapo hapo nyumbani. Mtu wa Texas akimuuzia bunduki mtu wa kwetu, hawezi kumtumia mlangoni kama anatuma viatu. Sheria inataka mzigo ufikie kwa mwenye leseni ya kuuza bunduki, na hapa kwetu ni Orrin. Mnunuzi anakuja mwenyewe, anajaza karatasi ya maswali, Orrin anapiga simu serikalini, wakisema sawa anamkabidhi. Wakati wa kungoja jibu, Orrin humimina kahawa na kuuliza habari za ng'ombe, za theluji, za mama mkwe. Jibu likija upesi, nimemwona akijifanya hajalisikia ili mgeni amalize kikombe. Mgeni akishaondoka, anakuja kunywa nyingine kwangu.

Ana mwana mmoja tu, Lowell, yuko Oregon. Waligombana siku ya mazishi ya mama yake kijana, mambo ya kuuza shamba, na tangu hapo kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

"Si umpigie?" nilimwambia.

"Atajua namtaka."

"Kwani humtaki?"

Vichwa vigumu, ukoo mzima.

Mwaka jana, msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia, akateremsha ukutani bunduki ya babu yake. Kwa akina Haugen, bunduki ile baba humpa mwana angali hai, kisha wanapanda mlimani pamoja. Akaifunga kwenye sanduku, akampelekea mama mmoja wa Oregon mwenye leseni kama yake, kisha akamwandikia Lowell kadi: nenda ukaichukue, ni yako. Wiki ile nilimsikia akipiga mluzi uani. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu, mwanawe apige simu aseme ameipata.

Simu ikaja, ila si ya Lowell. Nilikuwepo gerejini, na kwa vile masikio ya Orrin yamechoka, huweka sauti ya juu, kila aliyepo anasikia.

"Mzee Haugen," alisema yule mama wa Oregon, "kijana wako alikuja. Nikampa karatasi, akasoma maswali, akaweka kalamu chini. Akaniambia, samahani mama, hii siwezi kujaza. Akatoka."

"Hakuandika chochote?"

"Hata jina. Nikurudishie mzigo wako?"

"Nirudishie, mama. Asante."

Karatasi ile inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Ukiwa nalo, bunduki huruhusiwi kuigusa tena. Orrin amewaona wanaume wakiweka kalamu namna ile hapo hapo mezani kwake, na akawaonyesha mlango bila neno.

"Alifungwa, Verna," akasema. "Mwanangu alifungwa, na hakuwa na baba wa kumwambia." Akagusa rundo la karatasi zile mezani kwake. "Wengi hudanganya kwenye karatasi ile. Yeye hakudanganya."

Akalia, mzee mzima. Nami nikalia naye, sioni haya kusema.

Sanduku liliporudi, akaufungua ule mkanda wa ngozi wa kubebea bunduki begani, alioushona babu yake kwa mkono, akautia kwenye bahasha.

"Mkanda si bunduki," akasema. "Huu hauna karatasi ya maswali." Akaupeleka posta, moja kwa moja hadi nyumbani kwa Lowell.

Safari hii Lowell alipiga simu mwenyewe, nami nipo gerejini.

"Baba. Umesikia, basi."

"Nimesikia."

"Na huniulizi nilifanya nini?"

"Kuuliza watu maswali ndiyo kazi yangu, nimechoka nayo. Wewe nakuuliza moja tu. Unakuja?"

"Nije kufanya nini, baba, na bunduki siruhusiwi?"

"Nani amekwambia upige? Wewe hata ghala hulipati. Mimi nitapiga, wewe utavuta kulungu. Mgongo wangu umekwisha."

Nikasikia kijana akicheka, halafu hakuwa anacheka tena.

Asubuhi ya kwanza ya msimu nilichungulia dirishani, nimeshabandika kahawa kama kawaida. Walikuwa wanapanda mlima, mzee mbele na bunduki mkononi, mwana nyuma na ule mkanda begani, hauna kitu. Nikafurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Kisha nikajimiminia kikombe, na cha pili, cha Orrin, nikakirudisha kabatini.