Salamu ya Nyanzala

Mwaka tisini na tano, kampeni za vyama vingi zilipoingia Mpanda, Nyanzala wa kijiji cha Mwamkulu hakukosa mkutano, uwe wa chama gani. Mumewe alidhani mke kapagawa na siasa. Kumbe nani atashinda halikuwa lake. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: wale wasemaji wanafanyaje hadi watu waliochoshwa na jua wainuke kwa mpigo?

Kila mkutano ulipokwisha alimpitia shoga yake Bushra, muuza vitenge sokoni, moyo ukimdunda kwa furaha.

“Umemsikia wa leo? Haelezi kitu. Anauliza, watu wanajijibu wenyewe. Sasa mtu akishajijibu, atambishia nani?”

“Nyie Wasukuma mna mambo,” Bushra akacheka. “Na ujuzi huo utaupeleka wapi?”

Alikuwa na pa kuupeleka. Kisima chao kilitumiwa na watu pamoja na ng'ombe, na binti yake mdogo alikuwa kitandani, anahara. Wanawake waliomba kisima kizungushiwe uzio, mifugo ikanywe mtoni. Wenye ng'ombe waligoma, na mwenye kundi kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Telesfori, baba mkwe wake Nyanzala mwenyewe. Mkutano wa kijiji ndio ungeamua.

Siku ilipofika, Nyanzala alisimama, akarusha ngumi juu. “Mwamkulu oyee!”

Balaa. Wachache waliitikia, wengine wakafyonya. “Mama, hapa si kampeni,” mwenyekiti akamkata. “Kaa chini.”

Watu wakaangua kicheko. Aibu ilimwunguza masikio, na hapo hapo wazo likamjia, akakaribia kucheka naye. Kaa chini? Haya. Akapiga magoti mbele ya wazee, macho ardhini, kama mkwe wa Kisukuma anavyosalimia. Salamu hiyo hakuna mzee anayethubutu kuiacha bila jibu.

“Mhola, wazee wangu?”

“Mhola,” wakajibu. Salama.

“Ng'ombe, mhola?”

“Mhola!”

“Mashamba?”

“Mhola!” Sasa hata Wabende waliokaa nyuma, wasio Wasukuma, waliitikia, kwa maana salamu ni tamu ikikolea.

“Na maji wanayokunywa wajukuu zenu, mhola?”

Jibu lilianza kutoka, likafia midomoni. Mwili ulimsisimka Nyanzala toka utosini. Alitamani kuongeza neno, akalimeza. Swali lilikuwa lao sasa.

Mzee Telesfori akakohoa. Tangu amuoze mwanawe hakuwahi kumjibu mkwewe hadharani zaidi ya salamu.

“Si mhola,” akasema taratibu. “Mwenyekiti, andika uzio. Miti nitakata mimi.”

Mikono ikapanda kila upande, wanawake wakapiga vigelegele. Nyanzala alibaki ameinama pale chini, ili wazee wasimwone anavyocheka.